Neno Mikononi mwa Akina Mama: Usomaji wa Biblia katika Vikundi vya Wanawake Usharikani

Katika sharika nyingi za Kanisa letu, kikundi chenye uhai kuliko vingine vyote ni kile cha wanawake. Ndicho kinachokutana hata nyakati za masika, barabara zinapokuwa matope matupu. Ndicho kinachowatembelea wagonjwa, kinachopika penye msiba, kinachochangia mabati ya kanisa jipya la mtaa. Mchungaji aliyehamia usharikani akitaka kujua hali ya kundi alilokabidhiwa, na aende kwanza kwenye mkutano wa akina mama. Lakini akiisha kwenda mara tatu au nne, na aitazame saa yake. Na ahesabu dakika zilizotumiwa kwa nyimbo, kwa matangazo, kwa michango, na kwa shauri la kitenge cha sare ya sikukuu ijayo. Kisha ahesabu dakika ambazo Biblia ilikuwa wazi mikononi mwa wanawake wenyewe, nao wakiisoma na kuulizana. Mara nyingi hesabu hii ya pili huwa ndogo mno. Somo lilisomwa na mtu mmoja, likaelezwa na mtu mmoja, na wengine wote wakaitikia Amina.

Makala haya yanahusu tofauti iliyopo kati ya kusomewa Neno na kulisoma. Sisemi kwamba kusomewa ni jambo duni. Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huja kwa njia ya kusikia, nasi Walutheri tumelelewa katika kuliheshimu Neno linalohubiriwa. Luther alipenda kusema kwamba Kanisa ni nyumba ya kinywa kuliko kuwa nyumba ya kalamu. Lakini Luther huyo huyo alikaa Wartburg akilitafsiri Agano Jipya, likachapwa mwaka 1522. Na mwaka 1530, alipowajibu waliomkosoa, alieleza kwamba mfasiri hujifunza lugha kwa kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Ikiwa kinywa cha mama kilifaa kumpa mfasiri maneno, basi kitabu kilichoandikwa kwa maneno hayo kilikuwa kinamrudia mwenyewe. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba imani ya wanawake wetu hukua pale wanapokutana na andiko zima, kwa macho yao, katika ushirika wa wenzao. Na kazi ya mchungaji ni kuifungua njia hiyo, wala si kusimama mlangoni.

Ushuhuda wa Maandiko na wa historia

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni fikra mpya iliyoletwa na semina za miaka ya karibuni. La hasha. Timotheo alizijua Maandiko tangu utoto wake, na baba yake alikuwa Myunani. Waliomfundisha ni bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Huko Filipi, Paulo hakuanza sinagogini bali kando ya mto, mahali ambapo wanawake walikuwa wamekusanyika kwa sala, na moyo wa Lidia ukafunguliwa apate kuyatunza yaliyonenwa. Apolo, mtu hodari wa Maandiko, alielezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na Prisila pamoja na Akila.

Hata ile sehemu ya 1 Timotheo 2 ambayo hutajwa mara kwa mara ili kuwanyamazisha wanawake, yafaa isomwe polepole. Watu huikimbilia aya ya 12 na kuiruka ya 11. Katika Kiyunani, kitenzi cha kuamuru katika sehemu hiyo nzima, kuanzia aya ya 8 hadi ya 15, ni kimoja tu, nacho kinasema mwanamke ajifunze. Yaliyosalia ni maelezo ya namna na mipaka, ambayo wafasiri wamebishana juu yake kwa karne nyingi na wataendelea kubishana. Amri yenyewe haina ubishi. Kanisa linaloishika aya ya 12 kwa mikono miwili huku limeisahau ya 11 halijaitii sehemu hiyo.

Matengenezo ya Kanisa yalizaa wanawake wasomaji mapema kuliko tunavyokumbuka. Argula von Grumbach wa Bavaria alipewa na baba yake Biblia ya Kijerumani akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1523 Chuo Kikuu cha Ingolstadt kilimlazimisha kijana mmoja, Arsacius Seehofer, kuyakana mafundisho ya Wittenberg. Argula, mke na mama wa watoto, asiyejua Kilatini cha wasomi, akakiandikia chuo barua. Aliwataka maprofesa wamwonyeshe ni wapi mafundisho hayo yanapingana na Maandiko, naye akaijaza barua yake aya za Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho. Hawakumjibu. Barua ikachapwa na kuchapwa tena, na mume wake akapoteza cheo chake cha uliwali kwa sababu yake. Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa huitaja miaka ya 1517, 1521 na 1530 bila kusita. Huu wa 1523 ni nadra kuusikia.

Kuna habari nyingine ndogo, ambayo huwachekesha wanafunzi lakini ina uzito wake. Mnamo Oktoba 1535 Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba amemwahidi Katharina, mkewe, gulden 50 akimaliza kuisoma Biblia yote kabla ya Pasaka, na kwamba Katharina amekazana kweli kweli na sasa anaanza Kumbukumbu la Torati. Tukumbuke huyu alikuwa mama aliyetengeneza pombe ya nyumba, aliyefuga nguruwe, aliyelima bustani na kulisha wageni na wanafunzi waliojaa nyumbani humo. Gulden 50 hazikuwa fedha kidogo. Luther hakumwambia kwamba mahubiri ya mumewe yanamtosha.

Wa tatu ni Katharina Schütz Zell wa Strasbourg. Alizika watoto wake wawili, kisha mwaka 1548 akamzika mumewe, mchungaji Matthäus Zell. Katika majonzi hayo alizitafakari Zaburi ya 51 na ya 130, na mwaka 1558 akazichapisha tafakari zake pamoja na maelezo ya Sala ya Bwana, akimwelekezea mzee mmoja wa mji aliyetengwa kwa ukoma. Huo ndio usomaji wa ibada katika maana yake kamili. Mjane anasoma kwa ajili ya jeraha lake, kisha alichokipata anakipeleka kwa mgonjwa aliye nje ya mji.

Njia haikuwa nyoofu daima. Philipp Jakob Spener alipoanzisha mikutano ya kujengana katika Frankfurt mwaka 1670, wanawake waliruhusiwa kusikiliza lakini si kusema. Mpango wa namna hiyo wengi wetu tunaujua bila kwenda Frankfurt.

Hapa kwetu

Katika nchi yetu Biblia ya Kiswahili ina historia inayostahili kufundishwa hata vikundini. Askofu Edward Steere wa Zanzibar alilitoa Agano Jipya mwaka 1879, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891. Karl Roehl, mmisionari wa Bethel, alitoa tafsiri yake nzima mwaka 1937. Toleo la Union, ambalo wengi bado wanaliita tu Biblia, lilitoka mwaka 1952, na ile ya Habari Njema katika miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi aliyebatizwa kabla ya vita vya pili vya dunia na mjukuu wake wa leo hawakukutana na maneno yale yale. Nimeona mara nyingi kwamba kusoma aya moja katika matoleo mawili huamsha kikundi kuliko maelezo marefu ya mchungaji, maana mama mmoja akiuliza kwa nini maneno yanatofautiana, tayari ameanza kazi ya ufafanuzi.

Tena tusidhani kwamba kujifunza kwa kikundi ni kitu kigeni kwa wanawake wa vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Kiongozi wa kikundi hakuwa bingwa. Kazi yake ilikuwa kusoma, kuuliza na kuwasikiliza, kisha kikundi kiamue la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka vichaka. Akina mama wengi ambao sasa ni bibi walikaa katika vikundi hivyo. Walizoezwa na Serikali kuzungumza juu ya maji na choo. Tukawaweka kanisani kwenye mabenchi, wakasikiliza.

Mithali 31 na mzigo wa sifa

Mahali ambapo hatari na baraka ya jambo hili huonekana wazi ni Mithali 31. Hakuna andiko linalosomwa zaidi katika sikukuu za wanawake, na pengine hakuna linalotumiwa vibaya zaidi. Mhubiri husoma kuanzia aya ya 10, kisha huifanya kila aya kuwa amri. Mama aamke usiku ungali bado. Mama asiizime taa. Mama afume, auze, alishe, na awe mpole wa ulimi. Msikilizaji ambaye ameamka saa kumi alfajiri, ameteka maji, amekamua ng'ombe na ametembea kilomita tano kufika kanisani, hurudi nyumbani akiwa amejua jambo moja tu, kwamba bado hajatosha. Kwa lugha yetu ya Kilutheri, amepewa Sheria bila Injili, na Sheria yenyewe si ile ya Mungu bali ni orodha ya kazi iliyopambwa kwa jina lake.

Basi kikundi kipewe sura nzima, si nusu yake. Jambo la kwanza watakaloliona ni kwamba sura inaanza na mwanamke anayefundisha: maneno ya mfalme Lemueli ni maneno aliyofundishwa na mama yake. Na fundisho lake linafikia kilele katika aya ya 8 na ya 9, ambapo mama anamwagiza mfalme afungue kinywa kwa ajili ya bubu na kuwatetea maskini na wahitaji. Aya hizi mbili ni nadra kusikika katika sikukuu za akina mama, ingawa zimo katika ukurasa huo huo.

Kutoka aya ya 10 ni shairi. Aya zake 22 zinafuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kila aya ikianza na herufi yake. Mtunzi anasifu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtu asemaye kwamba ameisifu kazi hii yote bila kubakiza. Shairi la sifa si kanuni za kazi. Tena, vitenzi vya shairi hili vinaeleza, haviamuru. Amri inakuja mara moja tu, katika aya ya 31, nayo haielekezwi kwa mwanamke bali kwa watu wanaomzunguka: wampe sehemu ya mazao ya mikono yake, na kazi zake zisifiwe malangoni. Katika nchi za kahawa, ambako kwa desturi migomba imehesabiwa kuwa ya mama na fedha ya kahawa kuwa ya baba, aya hii ikisomwa na wanawake wenyewe huleta ukimya wa namna ya pekee, na baada ya ukimya, maneno. Mwanamke aliyepalilia na kuchuma anaona kwamba Maandiko yanamtaja kama mtu anayestahili kupewa.

Kisha lipo neno lenyewe la aya ya 10. Toleo la Union limesema mke mwema. Neno la Kiebrania ni hayil, ambalo kwa kawaida hutumika kwa nguvu, uhodari, jeshi, na mali. Katika Ruthu 2:1 neno hilo linamhusu Boazi, na Union imelifasiri kwa kumwita mtu mkuu mwenye mali. Katika Ruthu 3:11 Boazi analitumia kwa Ruthu, na hapo Union imerudi kwenye neno mwema. Mwanamume akiwa na hayil ni mkuu. Mwanamke akiwa nayo ni mwema. Siwalaumu wafasiri, waliofanya kazi kubwa kwa moyo wa uaminifu, na wema si sifa ya kudharauliwa. Lakini msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua kwamba Ruthu na Boazi wanapimwa kwa neno moja. Na katika mpangilio wa Biblia ya Kiebrania unaofuatwa na machapisho ya kitaaluma tunayoyatumia darasani, kitabu cha Ruthu kinafuata mara baada ya Mithali. Swali kwamba mwanamke hodari ataonekana wapi linajibiwa kwa kufungua ukurasa: ni mjane, mgeni, Mmoabi, anayeokota masazo shambani. Hana taa ya usiku kucha, hana vijakazi, hana mume anayejulikana malangoni. Mama maskini anayejiona hayumo katika Mithali 31 anagundua kwamba aliyepewa jina hilo katika Maandiko ni maskini kama yeye.

Hapo ndipo Injili inaposikika. Ruthu hakujipatia jina hilo kwa orodha ya kazi. Alipewa akiwa mikono mitupu, chini ya mabawa aliyoyakimbilia.

Ruthu, mila na shamba

Kitabu cha Ruthu kinafaa sana kwa vikundi kwa sababu ni kifupi, kina sura nne, na kinaweza kusomwa chote kwa majuma manne. Lakini mchungaji asitazamie kwamba wanawake watakisoma kama yeye. Mwanatheolojia Mlutheri kutoka Kenya, Musimbi Kanyoro, aliyepata kuhudumu katika Shirikisho la Kilutheri la Dunia huko Geneva, alikisoma kitabu hiki pamoja na wanawake wa kijijini kwao, Bware, magharibi mwa Kenya, naye ameeleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2002. Wanawake hao waliisoma hadithi kupitia macho ya ukoo, ndoa na kurithiwa kwa mjane. Kwao Naomi na Ruthu hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa mama mkwe na mkwe wanaojulikana. Fundisho la Kanyoro kwetu ni kwamba utamaduni huingia ndani ya chumba pamoja na msomaji, na kwamba mila inayosaidia kuelewa andiko ndiyo hiyo hiyo inayohitaji kuhojiwa na andiko.

Ndivyo ilivyo kwetu. Sura ya tatu, pale Ruthu anapokwenda usiku kwenye uwanja wa kupuria, itazaa maswali ambayo mwanafunzi aliyetoka chuoni hakuyategemea. Je, mjane analazimika kuolewa na ndugu wa marehemu? Katika Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, swali hili limegharimu maisha. Na sura ya nne inazungumzia shamba. Ndugu wa karibu zaidi alikuwa tayari kulinunua shamba la Elimeleki, mpaka aliposikia kwamba linaambatana na mjane. Ndipo akakumbuka kwamba urithi wake utaharibika. Mama aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo siku ya arobaini hahitaji kuelezwa aya hiyo.

Mchungaji anayekaa na kikundi kama hicho ni lazima ajue mambo mawili matatu nje ya teolojia. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 liliwanyima wajane sehemu katika urithi wa waume zao palipo na jamaa wa ukoo, na kuwawekea mabinti mipaka katika ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ikikaa Mwanza iliamua, katika kesi iliyotoka Kagera, kwamba binti aliyerithi shamba kwa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimetamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sisemi kikundi cha Biblia kigeuzwe baraza la sheria. Nasema tu kwamba binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote mlangoni pa hema, wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena haki. Mama akiisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka hamsini, na ukaona alivyonyamaza, utaelewa kwamba kukua katika imani si kuongeza maarifa tu. Yafaa pia waendelee hadi sura ya 36, ambapo wazee wa ukoo wanarudi na hoja yao, na binti hao wanaagizwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Maandiko hayafichi mvutano huo, nasi tusiufiche.

Kitabu cha ibada ya kila siku

Kusoma kikundini hakutoshi, maana siku sita zinabaki. Hapo ndipo vijitabu vya ibada ya kila siku, kalenda ya Kanisa yenye masomo yake, na Katekisimo Ndogo vinapokuwa na kazi. Desturi ya kuwa na neno la siku ina mizizi ya heshima. Huko Herrnhut, mwaka 1728, Zinzendorf alianza kuwapa Wamoraviani neno moja kwa kila siku, likipelekwa nyumba kwa nyumba, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamechapwa kila mwaka bila kukoma. Mama mwenye dakika kumi kabla ya moto kuwaka anaweza kubeba neno moja shambani, na neno moja lililobebwa siku nzima ni bora kuliko sura tatu zilizosahauliwa.

Hata hivyo, neno lililokatwa peke yake lina hatari yake. Aya ikishaondolewa mahali pake ni rahisi kuifanya hirizi. Siku hizi ambapo mafuta na maji ya upako vinauzwa hadharani, na ahadi za Mungu zinanadiwa kama bidhaa, mwanamke aliyezoea vipande tu hana kinga. Atapewa kipande kingine na mtu mwenye sauti kubwa zaidi, naye hatakuwa na sura nzima ya kukipimia. Shauri langu ni jepesi. Neno la siku lisomwe, kisha aya kumi zilizolitangulia na kumi zilizolifuata. Kalenda ni kidole kinachoonyesha ukurasa.

Kuhusu namna ya kusali na andiko, sijaona njia inayofaa zaidi kuliko ile Luther aliyompa kinyozi wake, Peter, katika kijitabu cha mwaka 1535. Kinyozi alikuwa ameuliza mtu wa kawaida asali vipi. Luther akamwambia achukue amri moja, au aya moja, na kuisokota kama shada lenye nyuzi nne: linanifundisha nini, ninamshukuru Mungu kwa lipi, ninaungama lipi, ninaomba lipi. Mtu asiyejua kuandika anaweza kuyashika maswali manne kwa vidole vya mkono mmoja. Na Luther anaongeza angalizo la kichungaji: ikiwa uzi mmoja umewaka moyoni, mtu asijilazimishe kumaliza mingine, bali akae hapo na kumsikiliza Roho. Tujaribu njia hii na aya ya 31 ya Mithali. Inafundisha kwamba kazi ya mikono ya mama inaonekana mbele za Mungu. Anashukuru kwa nguvu alizopewa. Anaungama wivu kwa jirani yake mwenye duka. Anaomba aweze kuzungumza na mumewe juu ya fedha ya msimu pasipo ugomvi. Hiyo ni sala ya mtu mzima katika imani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1539, Luther alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia, akiyatoa katika Zaburi 119: oratio, meditatio, tentatio, yaani sala, tafakari na jaribu. Wanafunzi wetu wana nafasi nzuri ya mbili za kwanza, kwa kuwa wanalishwa na kupewa maktaba. La tatu wanawake wa usharika wanalo kwa wingi. Kukosa kwao ni vitabu na nafasi ya kusema.

Hofu ya mchungaji

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kwa watumishi ni hili: wakisoma wenyewe, watapotoka. Pingamizi hili lisibezwe. Wapo walioanza na kikundi cha maombi wakaishia kufuata ndoto za mtu mmoja. Lakini tukichunguza, mara nyingi waliopotoka hivyo hawakuwa wasomaji wengi. Walikuwa wasikilizaji waliobadili msemaji. Kinga ya upotofu si ukimya wa kundi bali andiko lililo wazi mbele ya macho ya watu kumi na wawili, ambapo mmoja akisema lisilokuwamo, mwenzake humwuliza limeandikwa aya ya ngapi. Swali hilo, likizoeleka kikundini, hufanya kazi kubwa ya ulinzi, hata dhidi ya mchungaji.

Wengine hudhani tatizo limekwisha kwa kuwa tuna wachungaji wanawake. Kanisa letu liliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kwa huduma ya uchungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991. Jambo hilo ni la kumshukuru Mungu. Hata hivyo mchungaji mwanamke anaweza kusema peke yake kwa dakika hamsini sawasawa na mchungaji mwanamume. Namna ya kusoma haibadiliki kwa kubadili aliyevaa joho.

Kwa mwanafunzi anayekwenda usharikani kwa mazoezi, ningependekeza afanye machache. Apeleke maswali matatu, asipeleke mahubiri. Akae kwenye mduara pamoja nao. Akiulizwa maana ya aya, amwulize kwanza aliye kushoto kwake. Uongozi wa somo uzunguke, na anayefuata ajulishwe juma moja kabla, apate nafasi ya kulisoma nyumbani. Wajane na mama wasioolewa wasiachwe mwisho wa orodha, kama inavyotokea. Saa ya kuanza ipangwe na wanawake wenyewe, wanaojua ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi. Habari ya michango na sare iwe na siku yake.

Na aangalie macho. Katika kikundi chochote wapo mama wazee wanaosema kwamba hawajui kusoma, kumbe walijifunza zamani katika madarasa ya watu wazima, na sasa herufi za Biblia ndogo haziwaonekani. Miwani ya kusomea hupatikana mjini kwa bei ambayo sadaka ya mkutano mmoja inaweza kuimudu. Kwa asiyejua kusoma kabisa, akae karibu na msichana wa kipaimara amsomee kwa sauti, aya kwa aya, naye airudie. Wengi wao watakuwa wameishika kwa moyo kabla msichana hajaufunga ukurasa.